Nembo ya Maharage

Katika miaka ishirini na sita niliyofanya kazi kwenye kituo hiki cha utafiti wa kilimo, tumefanyiwa mageuzi mara nne. Mageuzi ya kwanza yalitubadilishia jina. Ya pili yalituunganisha na vituo vingine kumi na viwili vilivyotawanyika duniani, tukaambiwa sasa sisi ni familia moja. Ya tatu yalitutenganisha kidogo, kwa sababu familia ilishindwa kuelewana nani awe baba. Ya nne ndiyo haya ninayotaka kuyasimulia, na naomba nivumiliwe nikipandisha sauti.

Mimi ni mtunza mbegu. Nina chumba kimoja baridi chenye mlango mzito wa chuma, rafu ishirini na nane, na pakiti za mbegu zilizokusanywa kwa wakulima tangu kabla sijaajiriwa. Mbegu ina uhai. Inazeeka na kufa kama sisi, ila baridi huichelewesha. Kila baada ya miaka michache natoa kidogo kutoka kila pakiti, naziotesha kwenye karatasi yenye unyevu, kisha nahesabu ngapi zimeamka. Zikiwa chache, lazima zipandwe upya shambani kabla hazijaisha zote. Ndiyo kazi nzima hiyo, na haisubiri kikao.

Wanaotulipa hawaoni hivyo. Wafadhili ni wengi, kila mmoja ana mfuko wake na kila mfuko una masharti yake. Huyu anataka matokeo ndani ya miezi kumi na minane, yule anataka neno "ubunifu" lisomeke kila ukurasa. Hakuna anayetaka kulipia umeme wa chumba baridi, kwa sababu umeme ule kazi yake ni kuhakikisha hakuna jambo linalotokea, na jambo lisilotokea halipigwi picha. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi tunao watatu: baraza la wafadhili, bodi ya mfumo mzima, na bodi ya kituo, na kila mmoja anamngoja mwenzake aseme kwanza.

Mkurugenzi wetu, kwa mfano, ni Kaimu. Amekaimu miaka sita sasa, kwa kuwa haijaamuliwa nani ana mamlaka ya kumteua mkurugenzi kamili. Tumemzoea hivyo hivyo. Hata mkewe akipiga simu ya ofisini husema, "Niitie Kaimu." Si mtu mbaya. Ni mtu aliyepigwa danadana mpaka akawa mpira.

Basi siku moja ukaja waraka. Ulitoka makao makuu, umeandikwa na mshauri mwelekezi ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona uso. Nilikaa nao mezani nikausoma mara tatu. Ulisema: "Ili kupunguza gharama, hakuna sampuli ya mbegu itakayohifadhiwa katika vituo viwili. Kila kituo kitaondoa sampuli zote ambazo tayari zinahifadhiwa na kituo kingine. Kazi hii ikamilike ndani ya siku thelathini."

Nikaenda kwa Kaimu na waraka mkononi.

"Kaimu, hapa nani anaondoa? Sisi au wao?"

Akavaa miwani. "Waraka unasema kila kituo."

"Ndiyo maana nauliza. Sisi na kituo cha pili tuna sampuli mia tatu na kumi na mbili zinazofanana. Tuliziweka pande mbili makusudi, upande mmoja ukiungua upande wa pili ubaki. Sasa tukiondoa sisi kwa sababu wao wanazo, na wao wakaondoa kwa sababu sisi tunazo?"

Niliona amenielewa, na niliona pia kuelewa kulivyomuumiza. "Liandike swali hilo," akasema, "tulipeleke kwenye kamati ya uhifadhi."

"Kamati ya uhifadhi ipo?"

"Wajumbe bado hawajateuliwa. Lakini anuani ya barua pepe ipo."

Nikaandika. Nikajibiwa papo hapo, na mashine: "Swali lako limepokelewa. Asante kwa kuchangia mageuzi." Siku ya ishirini na tano ikaja barua nyingine, hii ya mtu, ikisema kituo kisichotekeleza waraka kitapunguziwa fungu la umeme. Umeme wenyewe ndio ule wa kubembeleza.

Hapa lazima niseme ukweli, maana ni rahisi kumlaumu mshauri. Mtunza mbegu wa kituo cha pili ni rafiki yangu. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Tangu mageuzi ya tatu vituo vimekatazwa kuwasiliana moja kwa moja, kila kitu kipitie kwenye tovuti ya pamoja, lakini nani angenikamata kwa kupiga simu? Sikupiga. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu ulikuwa na hasira ndani yake. Mtu wa namna hiyo hufanya sawasawa na alivyoagizwa, ili mambo yaharibike mikononi mwa aliyemwagiza. Nikasema bora liende. Nikazitoa pakiti mia tatu na kumi na mbili kwenye baridi, nikazipanga kwenye maboksi, nikatia sahihi.

Mojawapo ilikuwa ya maharage ya Shangazi.

Maharage hayo nyumbani tunayaita mkanda, kwa sababu ni meupe na kila punje imezungukwa na mstari mwekundu kiunoni. Mvua ikikata katikati ya msimu, maharage ya watu wengine hupukutisha maua, mkanda hung'ang'ania. Shangazi aliyarithi kwa mama yake. Miaka ishirini na sita iliyopita alikuja mkusanyaji wa mbegu kwetu, na Shangazi akampa kopo zima bila kuulizwa mara mbili. Mkusanyaji akatafuta mtu wa kumwandikia lebo. Shangazi akanisukuma mbele: "Huyu mtoto wa kaka yangu ana mwandiko kama wa kuchapwa." Ndivyo nilivyopata kazi. Naweza kusema maharage yale ndiyo yaliyoniajiri.

Waraka ulisema "ziondolewe" bila kusema zipelekwe wapi. Kuziteketeza kulihitaji kamati ya uteketezaji ije kushuhudia, na kamati hiyo nayo ilikuwa haijaundwa. Maboksi yakakaa stoo, kwenye joto. Huko ndiko alikoyakuta ofisa habari wetu, ambaye kituo kizima kinamwita Bwana Picha.

"Dada, hizi mnazitupa?"

"Zinaondolewa."

"Basi nipe zenye rangi nzuri. Nataka kutengeneza nembo mpya ya mfumo kwa mbegu halisi. Dunia, imeshikwa na viganja viwili. Mita mbili upana! Siku ya sherehe ya mageuzi wafadhili watalia machozi."

Nikamwachia achague. Akachagua pakiti kumi na moja, akazimaliza zote. Maharage ya mkanda yakawa kiganja cha kushoto. Siku ya sherehe watu walipiga makofi chini ya nembo ile, wakanywa chai kwenye vikombe vya karatasi vilivyochapwa nembo hiyo hiyo, na mwakilishi wa wafadhili akasema sasa tumekuwa wamoja. Sikuona anayelia.

Miezi miwili baadaye mlinzi akanipigia simu kutoka mapokezi. "Una mgeni. Anasema ni shangazi yako na hana muda."

Nikamkuta ameketi kwenye kochi la wageni, kaipa nembo mgongo.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua maharage yangu."

Hakuzunguka. Msimu uliopita mvua ilikata. Wa kwanza kuishiwa walikuwa majirani; akawapa. Kisha njaa ikaingia kwake, wakala hadi mbegu. Dukani walimuuzia maharage mengine, akayapanda kwa majaribio, yakapukutisha maua yote. "Nikasema, mimi si nilimpa yule bwana kopo zima? Na mwanangu si ndiye mwenye ufunguo? Nipe kiganja kimoja tu. Mvua zimebaki wiki tano."

"Zipo, Shangazi," nikasema. Nilikuwa naamini. "Ziko kituo cha pili. Nitaagiza leo."

"Kwa nini mbegu zangu ziende kutembea?"

"Ni mageuzi."

"Haya," akasema. "Nitangoja kwako."

Akahamia nyumbani kwangu. Mume wangu akampisha kiti chake cha karibu na dirisha, na kila jioni nikirudi alikuwa ananitazama mikono kabla hajanitazama uso.

Tovuti ya pamoja ina fomu ya kuomba mbegu. Iliniuliza jina la taasisi inayoomba. Nikaandika jina la Shangazi. Ikakataa. Ikataka namba ya usajili, namba ya mradi, jina la mfadhili, na matokeo yanayotarajiwa kwa maneno mia tano. Nikaandika: "Atapanda. Atakula. Atagawa." Ikaniambia maneno hayatoshi. Nikayarudia mpaka yakafika mia tano. Ombi likapokelewa, likapelekwa kwa kamati ya ugawaji. Msiniulize kama kamati ya ugawaji ipo.

Wiki ya pili ilipoisha Shangazi aliuliza swali moja tu wakati tunaosha vyombo. "Hivi mwanangu, hicho kituo cha pili kina watu?"

Asubuhi yake nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikampigia rafiki yangu.

"Maharage ya mkanda?" akasema. "Dada, si mnayo ninyi? Sisi tuliyaondoa. Waraka ulisema."

Nikakaa chini. Yeye pia nadhani alikaa, maana nilisikia kiti. Tukafungua orodha zetu, tukasoma mstari kwa mstari, yeye akisema "tumeondoa" na mimi nikisema "tumeondoa." Zote mia tatu na kumi na mbili. Za kwao walikuwa wameziteketeza. Kwao kamati ilikuwepo. Sauti yake ikakatika akasema ngoja, akarudi, tukaendelea. Kazi ya wakusanyaji waliotembea kwa miguu miaka na miaka, tulikuwa tumeifuta sisi wawili kwa utii.

Uzembe ndio uliotuokoa. Maboksi yangu yalikuwa bado stoo, yakingoja mashahidi. Nikayarudisha kwenye baridi mwenyewe, boksi kwa boksi, bila kumwomba mtu kibali, kwa hasira ambayo sikujua nimpe nani. Lakini zile kumi na moja zenye rangi nzuri hazikuwa kwenye boksi. Zilikuwa ukutani, chini ya vanishi.

Kaimu alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa mikononi.

"Nembo imeandikwa kwenye daftari la mali," akasema. "Kuigusa ni mpaka kibali cha kamati ya mali."

Sikumuuliza kama ipo. Nilimtazama tu. Yeye mwenyewe akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayekaribia kulia, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. "Naenda kula mapema leo," akasema. "Mapokezi yatafungwa hadi saa nane. Usafi." Mlangoni akageuka. "Usafi wa kina."

Nikaenda kumchukua Shangazi nyumbani. Tukaingia mapokezi, nikamgeuza kwa mabega, nikamwonyesha. Akatazama dunia, akatazama viganja, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta.

"Mmeyabandika," akasema.

"Ndiyo."

"Ukutani."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa nini?"

Nimepitia mageuzi manne. Jambo lolote naweza kulieleza kwa lugha ya ripoti mpaka likapendeza. Hilo sikuweza. Nilisema, "Nisamehe," na yeye akasema, "Lete maji ya uvuguvugu."

Bwana Picha alikuwa ametumia gundi nyeupe ya shule, Mungu ambariki kwa ubahili wake. Vanishi alikuwa amepitisha juu juu tu. Tulilowesha kwa kitambaa, tukakwangua taratibu kwa kisu cha siagi, punje moja moja, Shangazi akizipokea kwenye sahani. Tulikuwa tumefika kwenye kidole gumba Bwana Picha mwenyewe alipoingia na kamera yake.

"Jamani! Mkono wa kushoto! Mnakata mkono wa kushoto!"

Shangazi hakugeuka. "Mkono huu haujawahi kushika jembe," akasema. "Acha ukatike."

Nikamgeukia Bwana Picha. Nikamweleza, kwa ufupi na kwa ukali, nini kilikuwa kwenye ukuta wake. Akaweka kamera chini, akakunja mikono ya shati, akauliza kama kuna kisu kingine. Kwa hilo nilimsamehe nusu.

Tulipata punje mia mbili na kumi na nne za mkanda, kisha tukabandua na zile aina nyingine kumi. Nikazilaza kwenye karatasi yenye unyevu, na za zile aina nyingine kumi pia, kila moja na sinia lake. Kila asubuhi Shangazi alikuja nami kazini, akaketi maabara kwenye kigoda, akazikodolea macho. Siku ya nne hakuna. Siku ya sita zikatokea mbili. Siku ya kumi nikahesabu mara ya mwisho: kumi na saba. Nyingine zilikuwa zimeoza au zimekauka kimya. Katika zile aina nyingine kumi, nne hazikuamka hata punje moja. Hizo hazipo tena popote, na hakuna nembo itakayozirudisha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jenereta, nikarudi.

Kuzipanda kwenye shamba la kituo kulihitaji kibali. Shangazi hakutaka hata kusikia sentensi hiyo ikimalizika. Zile aina sita nyingine nilizipanda kwenye ndoo kuukuu nyuma ya jengo, na mlinzi akajifanya ni maua. Miche kumi na saba ya mkanda tuliitia udongo kwenye vikombe vya karatasi vilivyobaki kwenye sherehe. Shangazi akavibeba nyumbani kwake kwenye kreti, nembo ya dunia ikitazama nje kila upande. Mvua zilikuwa zimebaki siku sita.

Mwisho wa mwaka ripoti ya mageuzi ikatoka. Ukurasa wa nane ulisema: "Marudio ya sampuli yamepunguzwa kwa asilimia mia." Juu yake palikuwa na picha ya nembo, ya zamani, yenye mikono miwili. Ya sasa yote ni mbegu za dukani, na kiganja cha kushoto ni mahindi. Sampuli nilizozirudisha kwenye baridi hazimo kwenye orodha yoyote, na nimekusudia zibaki hivyo. Ombi langu la tovutini nalo likajibiwa wiki hiyo hiyo: limekubaliwa, mbegu zitatumwa kutoka kituo chetu.

Baada ya mavuno nikaenda kwa Shangazi. Nilibeba pakiti mpya, kalamu, na lebo, kama yule mkusanyaji. Maharage yalikuwa yameanikwa uani kwenye ungo, meupe, mkanda mwekundu kiunoni. Hayakujaa hata nusu ya ungo, lakini yalikuwepo. Nikafungua pakiti.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nimekuja kuchukua ya akiba, Shangazi."

"Bila fomu?"

Nikadhani ananitania, nikacheka. Hakucheka. Akavuta kigoda, akaketi kati yangu na ungo.

"Mlango wa hicho chumba unafunguliwa mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea. Wageni wakija kupiga picha, hata mara ishirini."

"Umeme ukikatika?"

"Kuna jenereta. Mafuta yakiwepo."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna. Nafasi ya msaidizi wangu iliondolewa mageuzi ya pili."

"Ukistaafu?"

Nikafunika kalamu.

"Na huyo rafiki yako wa kituo cha pili, siku akiambiwa atupe, atakupigia kwanza? Na wewe utampigia?"

"Sasa nitampigia," nikasema. "Hata wakinifukuza."

Wamekuja washauri, wakaguzi, wajumbe wa bodi, wataalamu wa kupima matokeo. Nimewapokea wote kwa miaka ishirini na sita, nimewavalisha makoti mazito, nimewafungulia mlango. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza maswali hayo. Nilijikuta nimeketi chini uani, uso umelowa.

Shangazi akaniacha nimalize. "Nimeyagawa kwa nyumba tatu," akasema. "Kila mmoja nimemwambia wenzake wawili wanayo, na hata hivyo asitupe ya kwake."

Kisha akachota kiganja kimoja, akakitazama, akapunguza punje chache, akanimiminia kwenye pakiti. Nikatoa lebo. Nikaandika jina la mbegu, tarehe, jina la mtoaji.

"Andika na hilo," akasema.

"Lipi?"

"Kwamba asitupe."

Lebo zetu hazina nafasi ya maneno kama hayo. Nikageuza upande wa nyuma, nikaandika.